Saini Kilioni kwa Bibi Estella

Immaculée alisuka nywele akizunguka. Wasusi wengine husimama nyuma ya mteja wakatulia. Yeye alikizunguka kiti kama mtu anayetafuta mlango, na siku akiwa na hasira alikwenda mbio hadi mteja akamwomba apumzike kidogo, kichwa kinamuuma kwa kumfuata kwenye kioo. Ijumaa ile hakuna aliyemwomba. Kila aliyeingia saluni alikuwa ameshaisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, akakaa kimya, akamwacha azunguke.

Aldana House lilikuwa jengo la ghorofa katikati ya mji wa Durban. Chini kulikuwa na maduka ya viatu na mablanketi, juu walikuwa wageni: wasusi, mafundi wa simu, washonaji, na kanisa. Ghorofa ya tatu, kwa kina Immaculée, ilikuwa karibu yote ya Wakongomani. Walilipa kodi ya chumba, na juu ya kodi walilipa kile walichokiita sevisi: usafi wa ngazi, ulinzi, taa za korido, na lifti. Sasa hiyo lifti. Mwaka wa yale mafuriko makubwa maji yaliingia shimoni mwake, ikakwama, milango ikafungwa kwa mnyororo, na mtu akapaona ni mahali pazuri pa kuegesha ndoo za deki. Tangu hapo haikusogea. Lakini kila mwezi ilikuwa na mstari wake kwenye hesabu, kama mtoto anayelipiwa ada ya shule asiyokwenda.

Karatasi ya Ijumaa ilitoka kwa kampuni iliyosimamia jengo kwa niaba ya mwenye nyumba. Ilisema lifti imekarabatiwa. Ilisema gharama ya kazi hiyo, iliyokwisha kufanyika, itabebwa na wapangaji wa ghorofa za juu, kila mmoja kiasi sawa na kodi ya miezi miwili, na kwamba asiyelipa hataongezewa mkataba.

Mkataba wa Immaculée ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi uliofuata. Kodi ya miezi miwili hakuwa nayo, wala hakuwa na pa kuitoa. Saluni ile ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomsomesha binti yake, na viti vyake vitatu alivinunua kimoja kimoja. Alitoka koridoni akaitazama lifti. Mnyororo ulikuwa palepale, umeshika kutu, na juu yake mtu alikuwa ameanika tambara.

"Imekarabatiwa," alisema peke yake, kwa sauti, mpaka mteja ndani akauliza anaongea na nani.

Hakuwa mtu wa kusahau, na hilo ndilo lililomchosha na kuwachosha wengine. Alikumbuka jenereta walilochangishwa enzi za umeme kukatika kila siku. Lilikuja, likakaa uani wiki moja, likapakiwa kwenye gari kwenda jengo jingine la mwenye nyumba yuleyule. Alimkumbuka mlinzi aliyelipwa na ghorofa zote huku akilinda mlango wa duka la viatu. Na nyuma zaidi, kwao Uvira, aliwakumbuka wanaume wa vizibao waliopita sokoni kila asubuhi wakidai ushuru wa usafi katika soko ambalo halikuwahi kuuona ufagio. Mama yake alilipa, akalipa, akalipa, akafa bila kuuliza pesa zile zilifagia nini.

Alimwacha mteja nusu kichwa, akaingia chumba cha jirani.

Jirani yake alikuwa Joyline, Mkenya mrefu mwenye miwani iliyoshukia puani, aliyewajazia watu fomu za kodi ya mapato. Immaculée alimwekea mezani karatasi ya mlangoni na mkataba wake wa upangaji, ambao aliuhifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo.

"Mama Imma, si ukae basi."

"Nikikaa nitalia. Soma."

Joyline alisoma akifuata mistari kwa kalamu. Alichukua muda. Mwishoni akavua miwani.

"Haya. Mkataba unasema mpangaji akiona gharama za huduma si za haki, anaweza kupinga. Kwa maandishi. Ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya notisi."

"Basi tuna mwezi."

"Hamna. Angalia hapa juu. Notisi imeandikwa tarehe ya mwezi uliopita. Mwezi unaisha Jumatatu."

"Imebandikwa leo! Gundi yake ingali mbichi!"

"Gundi haina tarehe, Mama. Ngoja, kuna kingine. Wanaopinga lazima washike zaidi ya nusu ya ghorofa. Na siyo nusu ya watu. Nusu ya sakafu."

Wote wawili wakautazama ukuta. Nyuma yake kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Ukumbi wa kanisa la Mchungaji Apollinaire ulichukua nusu nzima ya ghorofa peke yake. Bila saini yake, hata wengine wote wakiandika mpaka wino uishe, haitafika.

"Lakini mkipinga hivyo," Joyline akaendelea, "lazima wawaonyeshe risiti za kila kitu walichowatoza. Na mpaka wawaonyeshe, hawawezi kukunyima mkataba kwa sababu ya hilo deni."

"Nisomee tena hapo."

Joyline akasoma.

"Tena."

"Mama, maneno hayabadiliki. Ila mimi nikuulize. Miaka yote hii mmekuwa mkilipia hiyo lifti mnanyamaza tu?"

"Tunyamaze? Sisi? Tumelalamika kila mwaka!"

"Kwa maandishi?"

Immaculée akaanza kuukunja mfuko wa nailoni.

Walikuwa wamekwenda kumuona Bertrand. Ndivyo ilivyofanyika. Bertrand alikuwa Mkongomani mwenzao, mtu wa Lubumbashi, shemasi wa kanisa lile lile la ghorofa ya tatu, na kampuni ya usimamizi ilimwajiri kama msimamizi wa jengo kwa sababu aliijua lugha ya wapangaji na adabu zao. Kila walipochoka na lifti walijikusanya, wakabeba sambusa na Fanta, wakamtembelea. Waliulizana hali za watoto. Waliomba. Kisha mkubwa wao alisema kilichowaleta, kwa upole, na Bertrand alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, mama zangu. Nimesikia, baba zangu." Wakarudi mioyo imetulia, wakijua shauri limefika. Kumwandikia barua mtu unayekula naye? Kwao barua ilikuwa ya mahakamani. Barua ni ya adui.

"Kwa hiyo," Joyline alisema polepole, "kwenye mafaili ya hao watu, nyinyi ni wapangaji ambao hawajawahi kuwa na lalamiko lolote. Ukiwatazama kwa karatasi, aki, mnaipenda sana hiyo lifti."

Saa ile ile Joyline aliiandika barua ya kupinga kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, akaacha nafasi za saini. Immaculée alitia yake kwanza, kwa nguvu hata karatasi ikatoboka kidogo. Joyline akatia ya kwake. Kisha Immaculée akatoka mbio kwenda kwa Prodige, fundi wa simu mwishoni mwa korido.

"Barua? Kwa Bertrand?" Prodige aliweka chini bisibisi yake kama imemuunguza. "Mama Imma, huyo mutu iko na kosa gani mpaka umuandikie?"

"Haiendi kwa Bertrand. Inaenda ofisini."

"Na ofisini bahasha inafunguliwa na nani? Bertrand. Jina langu litamuangalia kwa macho. Mama, huyo ndiye alinisimamia siku ya ndoa. Nilikuwa nauza chaja pale kwa robot, kwenye taa za barabarani, magari yakisimama nakimbia nayo, yeye ndiye alinitoa kwenye jua akanipatia hii chumba. Eish. Nitaongea naye tu."

"Mwaka jana uliongea naye."

"Nitaongea tena."

"Na lifti?"

"Mimi niko na magoti muzuri."

"Yatakufaa siku wakikufungia mlango. Utakimbia vizuri."

Prodige akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mama Syndicat, mama wa vyama vya wafanyakazi! Vraiment, wewe ungezaliwa Ulaya ungekuwa waziri."

"Ningezaliwa Ulaya ningekuwa na lifti. Tia saini."

Alikuwa bado anacheka simu yake ilipolia. Akaipokea, akasikiliza, na kicheko kikamtoka usoni kipande kwa kipande.

"Bibi Estella," alisema. "Bibi Estella amefariki. Leo asubuhi."

Ndipo Immaculée akakaa. Alikaa juu ya boksi la betri, karatasi mkononi.

Bibi Estella alikuwa mama mzazi wa Bertrand. Mwanawe alimleta kutoka Lubumbashi akiwa na miguu iliyovimba, ngazi hata moja haiwezi, na kanisa liko ghorofa ya tatu. Kwa hiyo kila Jumapili vijana wanne wa kanisa walimketisha kwenye kiti cha plastiki wakampandisha, mkoba wake mapajani, kitambaa kimefungwa sawasawa, naye akiwatania njia nzima. "Polepole, mnabeba mayai!" Akifika juu, wanaohema walikuwa wao na anayepangusa jasho alikuwa yeye. Immaculée alikwenda kumsuka nyumbani kwake Overport, kila alipoitwa, bila malipo, na kwa yule bibi peke yake alisuka amekaa, kwa sababu Bibi Estella alimwambia wazi: "Wewe ukinizunguka mimi nitatapika."

Jumamosi haikwenda. Immaculée alimpigia Mchungaji simu, ikawa imezimwa. Mchungaji alikuwa msibani. Alitembea mpaka sokoni akasahau alichofuata. Alirudi. Alipanda ngazi, akashuka, akapanda. Kilioni watu hawapeleki ugomvi. Hata adui akija hupewa kiti na sahani. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Lakini kila mtu aliyehitajika kutia saini angekuwa kilioni, nyumba moja, Jumapili, na Jumatatu ndiyo mwisho.

"Waombe wakuongezee muda," Joyline alishauri.

"Nimuombe nani? Ukiomba chochote pale ofisini wanakwambia muone Bertrand."

"Basi muone Bertrand."

"Nimwambie pole kwa kufiwa, na je, muda?"

Immaculée hakuamua. Jumapili alivaa kitenge cheusi, akanunua sombe, majani ya muhogo, na samaki wakavu, akaweka bahasha ya mchango ndani ya mkoba, na karatasi akaiweka pia, imekunjwa, akijiambia kwamba kuibeba siyo kuitoa.

Nyumba ya Bertrand ilikuwa kwenye mafleti nyuma ya maduka ya Overport. Viti vya kanisa vilijaa sebuleni, vikafurika koridoni, vikashuka mpaka mahali pa kuegeshea magari. Immaculée alimkumbatia Bertrand, akalia naye kwelikweli, maana machozi yalikuwapo. Alimpa mkewe bahasha. Kisha akaingia jikoni, wanapoingia wanawake, akakabidhiwa sufuria na mwiko. Akatwanga, akakoroga. Kila alipogeuka mkoba wake uligonga ubavu wake.

Kutoka sebuleni sauti ya Mchungaji Apollinaire ilifika mpaka jikoni. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti isiyohitaji spika.

"Mama yetu hakuwahi kukosa ibada," alisema. "Miguu ilikataa, yeye hakukataa. Tulimbeba! Kwenye kiti, kama malkia! Vijana, si mnakumbuka alivyowaambia? Mnabeba mayai!"

Watu wakacheka wakilia. Immaculée, mwiko mkononi, alichungulia mlangoni. Kila mtu sebuleni alikuwa ameinua uso, anamkumbuka marehemu. Bertrand peke yake alikuwa anatazama viatu vyake.

Na hapo Immaculée akaukumbuka ule mnyororo wa lifti, akarudi jikoni akaitoa karatasi. Akaikunjua juu ya friza. Hakumwita mtu. Alisimama tu karibu nayo, akikoroga sombe, na wanawake wakaisoma au wakajifanya hawaisomi. Haikuchukua muda. Prodige aliingia kutafuta maji, akaiona, akatoka bila kunywa, na baada ya hapo aliyeingia alikuwa Bertrand mwenyewe, suti nyeusi, macho mekundu.

"Mama Syndicat," alisema, bila utani safari hii. "Wananiambia umeleta karatasi."

"Nimeleta mchango wangu. Nimeleta sombe. Na karatasi nimeleta."

"Leo?"

"Kesho ndiyo mwisho, Bertrand. Tarehe hiyo sikuiweka mimi."

"Aibu, Imma!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka kwenye sinki. "Mutu hata hajazikwa!"

"Muacheni," Bertrand alisema, akainua mkono, akawa yule shemasi wao wa siku zote. "Mama, kunja karatasi yako. Nasema mbele ya mama zangu hawa, mbele ya Mungu: kesho haitakuwa mwisho. Nawaongezea muda. Tumzike kwanza mama, halafu tutakaa, tutaongea kama ndugu. Neno langu hilo."

Jikoni kukawa na pumzi ndefu. "Umeona sasa?" "Asante, Papa." "Mungu akutie nguvu." Hata moyo wa Immaculée ulilegea. Mtu aliyefiwa amekunyooshea mkono, utafanya nini? Lakini masikio yake yalikuwa yameshausikia wimbo huo, kwa sauti hiyo hiyo, na Fanta mezani, mwaka jana na mwaka juzi na mwaka wa kabla yake. Kwenye ghorofa ile hakuna aliyewahi kudanganywa, na hakuna kilichowahi kubadilika.

"Asante, Bertrand," alisema. "Basi niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Mistari miwili. Kwamba muda umeongezwa. Jina lako chini yake."

Sufuria iliendelea kuchemka. Mtu alifunga bomba la maji. Mlangoni watu walikuwa wameanza kujazana: Joyline na miwani yake, Prodige, na nyuma yao Mchungaji.

"Neno langu halikutoshi?" Bertrand aliuliza taratibu. "Katika kilio cha mama yangu?"

"Mimi linanitosha. Ofisi haikuwapo kulisikia."

"Mama, mimi nikiandika hivyo watanifukuza kazi."

Lilimtoka haraka kuliko alivyokusudia, na lilipotoka halikuwa na pa kurudi. Kila aliyekuwa jikoni alilisikia.

Mchungaji Apollinaire ndiye aliyepenya akaingia, akipitisha tumbo lake kati ya friza na meza.

"Bertrand, mwanangu. Muda huo umeongezwa au haujaongezwa?"

"Papa Pasta, nilitaka tu watu watulie..."

"Na yale tuliyokuletea mwaka jana. Sambusa zile tulikula pamoja, na mimi nilikuwepo. Uliyapeleka kwa wakubwa wako?"

Bertrand akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja wakati muzuri. Kila mwezi wanasema gharama zimepanda, mimi niende niwaambie watu wangu wamekataa? Wangesema, basi kazi yako ni nini? Mimi napokea karatasi tu, Papa. Napokea, nabandika."

"Kwa hiyo hawajui."

"Hawajui."

"Na mama tulikuwa tunambeba," Mchungaji alisema.

Hakuuliza. Alilisema tu, kama mtu anayejisomea maandishi ukutani. Yeye mwenyewe alikuwa amewahimiza waumini, Jumapili baada ya Jumapili, walipe sevisi bila manung'uniko, kwa kuwa ndugu yao analishughulikia. Alisimama kidogo akitazama friza. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama mtu, na Joyline akampa kalamu.

Aliandika jina lake lote, na la kanisa.

"Papa Pasta!" mke wa Bertrand alilia kutoka mlangoni. "Humu ndani? Leo?"

"Leo, mwanangu. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe. Ningeweza jana, ningefanya jana."

Prodige alikuja nyuma yake. Kabla hajashika kalamu alimgeukia Bertrand. "Yaya, kaka yangu, usinichukie. Nitakubeba siku yoyote ukiniita, hiyo unajua." Prodige akatia saini, akatoka nje moja kwa moja mpaka kwenye magari.

Karatasi ilikuwa imejaa vya kutosha. Immaculée aliikunja. Alipogeuka kuushika mwiko, mke wa Bertrand alikuwa ameshaushika.

"Sombe yako tutamalizia wenyewe," alisema.

Hakuna aliyemfukuza. Watu walimpisha tu, mmoja akavuta kiti nyuma, mwingine akasogeza miguu, mpaka akajikuta yuko chini barabarani, mikono inanuka samaki. Alitembea. Teksi zilimpigia honi akazikataa. Alitembea kutoka Overport mpaka mjini na kitenge chake cheusi, akibishana na Bibi Estella kwa sauti, na Bibi Estella, kwa mara ya kwanza, hakumjibu.

Jumatatu ofisi ilipofunguliwa alikuwa mlangoni. Msichana wa mapokezi alimwambia aiache barua kwenye trei. Immaculée alisema anataka nakala yake igongwe muhuri wa tarehe ya leo. Msichana akasema muhuri anao meneja, na meneja yuko kwenye mkutano. Immaculée akasema sawa, akaanza kuzunguka. Alizunguka viti vya wageni, akazunguka kile chungu cha maua ya plastiki, hadi msichana akaanza kumfuata kwa macho, kushoto, kulia, kushoto. Mwishowe msichana aliinuka mwenyewe akaenda kuuleta muhuri.

Majibu hayakuja upesi, lakini yalikuja, kwa sababu yalilazimika kuja. Walionyeshwa risiti za sabuni, za balbu, za ulinzi. Ya lifti haikuwapo hata moja. Hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Ofisi iliandika kwamba kumetokea hitilafu ya kiutawala, ada ya ukarabati imefutwa, na pesa za lifti za nyuma zitapunguzwa kwenye kodi. Mkataba wa Immaculée ukaongezwa miaka mitatu. Aliusoma wote kabla ya kutia saini, neno kwa neno, Joyline pembeni, wakila njugu.

Ungedhani alitulia. Hakutulia. Wateja wawili wa kanisani walihamia saluni nyingine. Kanisani palikuwa na nafasi kila upande wake kwenye benchi. Mchungaji alimsalimia kwa mikono miwili mbele ya watu wote, hiyo ilisaidia kidogo.

Siku moja mchana Prodige alisimama mlangoni mwa saluni, hakuingia.

"Wamemfukuza Bertrand," alisema.

Mikono ya Immaculée ikasimama kwenye nywele za mteja.

"Wanasema yeye ndiye alificha malalamiko ya wapangaji. Wamesema kosa lote ni lake, wamemtoa bila hata mwezi mmoja wa malipo. Mama yake amekufa, na kazi imekwenda. Umefurahi?"

"Pesa za lifti alizila Bertrand?"

"Bertrand? Bertrand anapanda teksi kama mimi."

"Basi nani alikula?"

Prodige akainua mabega. "Si ni mwenye nyumba."

"Anaitwa nani?"

Prodige akafikiri. Mteja kwenye kiti naye alifikiri. Mwanamke aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele alitoa kichwa ili asikie jibu, akaona hakuna, akakirudisha.

"Sijui," Prodige alisema.

"Umekaa ndani ya nyumba yake tangu lini?"

"Sijui jina lake, Mama, usinipigie kelele!"

"Sikupigii wewe." Alikuwa ameshafungua aproni. "Bertrand tulimjua kwa sababu alikuja kula kwetu. Tukamsifu yeye, tukamlilia yeye, tukamshitaki yeye. Huyo mwingine hajawahi hata kukanyaga zile ngazi, na sisi hatujawahi kuuliza."

"Mama Imma, nywele zangu!" mteja akalalamika.

"Nakuja, mwanangu. Usiziguse."

Alitoka koridoni, akapita mlango wa kanisa, akausukuma mlango wa Joyline bila kubisha hodi.

"Joyline. Jina la mwenye nyumba linatafutwa wapi?"